Maandishi Jukwaani: Tamthilia na Mtazamaji Asiyesikia

Tamthilia, kama tunavyowafundisha vijana wetu, ni fasihi inayokamilika pale itendwapo jukwaani mbele ya hadhira. Maelezo hayo yamo katika kila kitabu cha nadharia ya fasihi, na sisi walimu huyarudia mwaka hata mwaka bila ya kuuliza hadhira hiyo ni akina nani. Maadamu uti wa tamthilia ni mazungumzo, huchukuliwa kwamba kila aliyeketi ukumbini anayasikia. Kwa hiyo asiyesikia huwa amekwisha kuachwa nje na maelezo yenyewe kabla hajafika mlangoni. Katika makala haya nakusudia kuhakiki njia zilizobuniwa na kumbi za maigizo ili kumwingiza ndani, hususan ile ya kumwandikia maneno ya waigizaji papo hapo yanapotamkwa. Nitaihakiki kama kazi ya lugha. Wengi huidhania kuwa ni kazi ya mafundi wa umeme, na dhana hiyo ndiyo chanzo cha upungufu wake mwingi.

Kwanza tuafikiane juu ya neno. Baadhi ya wenzetu huona haya kutamka “kiziwi”, kwa kuwa neno hilo limo katika ngeli ya KI-VI pamoja na kiwete na kipofu, ngeli ambayo, kwa madai yao, humgeuza mtu kuwa kitu. Hoja hiyo ina uzito wake. Walakini kiongozi naye yumo katika ngeli iyo hiyo, na kijana pia, wala sijapata kumsikia mmoja wao akilalamika. Viziwi wa Tanzania walipounda chama chao katika miaka ya 1980 walikiita Chama cha Viziwi Tanzania, na kwangu mimi hapo mjadala umekwisha.

Lililo zito zaidi ni kwamba neno hilo moja hufunika watu wa hali zilizo mbali mbali sana. Yuko mzee aliyesikia maisha yake yote, kisha uzee ukayafifiza masikio yake. Yuko aliyepoteza usikivu akiwa mtoto wa shule, baada ya homa ya uti wa mgongo, naye anakijua Kiswahili kama sisi tunavyokijua. Yuko pia aliyezaliwa hasikii, ambaye lugha yake ya kwanza ni lugha ya ishara, na Kiswahili cha maandishi kwake ni lugha ya pili au ya tatu, aliyojifunza kwa taabu ikiwa alibahatika kupelekwa shule yenye walimu wanaojua ishara. Kifaa kimoja hakiwezi kuwatosheleza wote watatu. Atakayesifu kifaa bila ya kueleza kinamfaa nani miongoni mwao, sifa zake tuzipokee kwa tahadhari.

Kifaa cha zamani kabisa kati ya vile vinavyotumika hadi leo kinamfaa yule mzee. Mwaka 1937 Joseph Poliakoff alipata hataza nchini Uingereza kwa ajili ya uvumbuzi wa kupeleka sauti kwa nguvu ya sumaku. Waya huzungushwa kando ya ukumbi, sauti ya jukwaani huingia katika maikrofoni na kipaza nguvu, kisha hupita katika waya huo ikizalisha uga wa sumaku. Ndani ya kifaa cha kusikia alichovaa mtazamaji mna koili ndogo inayoupokea uga huo na kuurudisha kuwa sauti. Faida yake ni kwamba sauti humfikia bila ya kikohozi cha jirani na mwangwi wa kuta. Ila kwa asiyesikia kabisa, waya huo ni waya tu.

Historia ya maandishi ni ndefu zaidi, nayo ina kichekesho chake. Zama za filamu bubu, kiziwi na mwenye kusikia waliketi katika sinema wakiwa sawa: wote walisoma maneno yaliyoonyeshwa baina ya picha. Tangu mwaka 1927, ilipotoka filamu ya The Jazz Singer, sauti ilianza kuingia katika filamu na maandishi yakaondoka. Maendeleo hayo ya wengi yakawafukuza viziwi mahali walipokuwa wamekwisha kukaa. Mwaka 1947 Emerson Romero, mzaliwa wa Cuba, kiziwi aliyewahi kuigiza katika filamu bubu, alianza kukata mikanda ya filamu na kupachika maandishi kwa mkono wake. Televisheni ya Marekani haikuonyesha kipindi chenye maandishi ya namna hiyo kabla ya mwaka 1972, nacho kilikuwa kipindi cha mapishi cha Julia Child. Na mwaka 1980 ukaanza mtindo wa maandishi yanayoonekana kwa yule tu mwenye chombo cha kuyafungua.

Na jukwaa je? Mwaka 1983, mjini Toronto nchini Kanada, opera ya Elektra iliyoimbwa kwa Kijerumani ilionyeshwa pamoja na tafsiri iliyomulikwa juu ya jukwaa. Maandishi yale hayakuwekwa kwa ajili ya viziwi. Yaliwekwa kwa ajili ya watu wenye masikio mazima wasiojua Kijerumani. Wapo walionung’unika kwamba yanaharibu uzuri wa onyesho, lakini katika muda usiozidi miaka kumi na mitano nyumba kubwa za opera zilikuwa zimekwisha kuyazoea, hata Metropolitan Opera ya New York ikayaweka migongoni mwa viti mwaka 1995. Nchini Uingereza shirika la Stagetext, lililojitwika kazi ya kuwaandikia viziwi katika michezo ya kuigiza, liliundwa mwaka 2000. Msomaji na apime mwenyewe: mwenye kusikia alipokwama kwa sababu ya lugha, dawa ilipatikana upesi na uzuri wa onyesho ukasamehewa.

Tuje sasa kwenye chombo kilichosifiwa kuliko vyote katika miaka ya karibuni. Mwaka 2018 ukumbi wa National Theatre wa London ulianza kuwaazima watazamaji wake miwani ambayo ndani ya vioo vyake maneno ya waigizaji huonekana yakielea mbele ya macho. Miwani yenyewe ilitengenezwa na Epson, na mpango mzima ulishughulikiwa pamoja na kampuni ya Accenture na mtaalamu wa maandishi ya aina hii, Profesa Andrew Lambourne. Watu wengi hudhani kompyuta inasikiliza na kuandika kila inachokisikia. Sivyo. Matini ya mchezo huingizwa kabla, ikiwa imekwisha kukatwa mistari na kuongezwa maelezo ya sauti. Programu hufuata usemi wa waigizaji pamoja na ishara za taa na za sauti za jukwaani, ili itambue mchezo umefika wapi na kulitoa neno kwa wakati wake. Mtazamaji aweza kuchagua rangi ya maandishi, ukubwa wake na mahali pake.

Ubora wa uvumbuzi huu hauna ubishi. Tatizo kuu la ubao wa maandishi ni kwamba jicho ni moja na kazi ni mbili. Asomaye ubao ulio pembeni hamwoni mwigizaji akifumba ngumi. Amwangaliaye mwigizaji hulikosa neno. Miwani huyaleta maneno pale pale jicho linapotazama. Tena humpa mtazamaji uhuru wa kiti na wa siku, kwa maana onyesho lenye ubao huwa ni la usiku mmoja au mawili tu katika majuma mengi, na kiziwi hulazimika kupanga maisha yake kwa kuufuata usiku huo.

Hata hivyo nina shaka na sifa moja inayotajwa kana kwamba ni fahari, nayo ni kwamba wasiohitaji maandishi hawasumbuliwi nayo, hawayaoni kabisa. Hapo msaada umefanywa kuwa siri. Ubao ulio wazi huwaambia watu wote ukumbini kuwa miongoni mwao wamo wasiosikia na kwamba onyesho hili ni lao pia. Miwani huwaambia watu hao wavae kitu chenye uzito puani kwa saa mbili au tatu, kila mmoja na neno lake, ili wengine wasikerwe. Nakubali kwamba kwa mji wenye fedha na maonyesho ya kila usiku miwani ni neema. Sikubali kwamba kwa hiyo ubao umepitwa na wakati.

Tukiingia katika lugha yenyewe ndipo uhakiki unapokuwa na la kutafuna. Anayeandaa maandishi ya jukwaani anafanya mambo ambayo mwandishi wa tamthilia hakuyafanya: anaamua mstari ukatwe wapi, utokee lini, na ukae muda gani. Ubao huchukua mistari miwili au mitatu mifupi. Sasa Kiswahili ni lugha ya kuambatisha. Neno “hawatakupelekea” lina herufi 15 nalo ni sentensi nzima. Nafasi hujaa upesi, na mkato mbaya hubadili maana. Tuchukue maneno haya matatu: alimwambia mama hatakuja. Yakikatwa baada ya “alimwambia”, mama ndiye hatakuja. Yakikatwa baada ya “mama”, mama ameambiwa kuwa mtu mwingine hatakuja. Mwigizaji huyatenganisha kwa pumzi yake, bila hata ya kufikiri. Mwandaaji wa maandishi hana pumzi; ana mwisho wa mstari tu, na asipojua sarufi atamfanya kiziwi atazame mchezo mwingine.

Wakati nao una hila zake. Chukua mzaha wa kawaida wa majukwaa yetu: mzee anaingia na kumwambia mkewe, “Nimekuletea msaidizi wa kazi za nyumbani.” Ananyamaza. Anakwenda mlangoni, anamvuta mtu mkono. “Mke mwenzio.” Maneno hayo mawili yakitangulia ubaoni hata kwa nukta chache, anayesoma atacheka peke yake ukumbi ungali kimya, au kicheko chake kitakufa kwa kuwa alikwisha kuambiwa. Yakichelewa, atacheka wenziwe wamekwisha kunyamaza. Kicheko cha ukumbini ni cha pamoja, na anayekikosa amekosa zaidi ya mzaha. Hii ndiyo sababu nasema kwamba roho ya teknolojia hii ni kidole cha mtu abonyezaye kitufe. Mtu huyo hana budi kuhudhuria mazoezi, aujue mwendo wa kila mwigizaji, ajue yupi hurefusha kimya akipigiwa makofi. Siku hizi simu ya mkononi nayo huweza kugeuza usemi kuwa maandishi, na kwa mazungumzo ya watu wawili mezani inasaidia. Lakini mpe simu hiyo waigizaji watano wanaokatizana maneno, na wimbo, na ngoma, uone itakachokuandikia. Tamthilia ina matini yake tayari. Kwa nini tuikisie?

Kuhusu sauti zisizo maneno nitasema machache. Desturi ni kuziandika katika mabano: ngurumo, mlango unabishwa, muziki. Kiswahili kina utajiri wa tanakali za sauti, na mtu aweza kuvutwa kuzitumia: pu, chubwi, ndo ndo ndo. Zitamfurahisha aliyewahi kusikia. Aliyezaliwa kiziwi haoni kishindo chochote ndani ya “pu”. Bora kueleza sauti inafanya nini katika mchezo: ngurumo kwa mbali, inakaribia, mlango unabishwa, hakuna anayeitika. Sauti ya mtu ni ngumu zaidi. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969, mhusika mkuu hunena akiwa amepagawa, na maneno anayoyanena juu ya Seyyid Said yanakuja kumtesa baadaye yeye mwenyewe na wenzake. Mwenye kusikia hutambua kwa sauti kwamba huyu anenaye si Kinjeketile wa jana. Ubao utaandika maneno yale yale kwa herufi zile zile. Mwandaaji asipolitafutia hilo ufumbuzi, kwa rangi, kwa mlazo wa herufi au kwa maelezo mafupi, msiba wote wa tamthilia ile hupita bila ya mtazamaji kujua ulipoanzia.

Yote niliyoyasema yanamhusu anayesoma. Yule wa tatu, mwenye lugha ya ishara, bado anangoja. Suluhisho linalozoeleka ni kumsimamisha mkalimani pembeni mwa jukwaa, akiwa na nguo nyeusi na taa yake mwenyewe. Ni afadhali kuliko kukosa, lakini mkalimani mmoja anasema kwa niaba ya mfalme, mtumwa na bibi harusi, na shingo ya mtazamaji hugeuka huku na huku kama ya mtu anayetazama mpira wa meza. Waliofaulu zaidi ni wale walioiingiza lugha ya ishara ndani ya uigizaji wenyewe. Kundi la Deaf West, lililoanzishwa Los Angeles mwaka 1991, liliionyesha Spring Awakening katika Broadway mwaka 2015, chini ya uelekezaji wa Michael Arden, likiwa na waigizaji viziwi walioambatanishwa na waigizaji wenye kusikia waliokuwa sauti zao. Wawili wakawa mhusika mmoja. Mchezo wenyewe, uliotokana na tamthilia ya Mjerumani Frank Wedekind ya mwaka 1891, unahusu vijana ambao wazee wao hawataki kuwaambia ukweli wa mambo. Na kwa kuwa mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milano mwaka 1880 ulikuwa umekata shauri la kuiondoa lugha ya ishara mashuleni, mkono uliokatazwa kusema ukawa ndiyo maana mpya ya hadithi ile. Huo haukuwa msaada uliobandikwa juu ya sanaa. Ilikuwa tafsiri mpya ya kazi ya zamani, na kila mhakiki wa fasihi angependa kuiandikia.

Kwetu hapa Afrika Mashariki lipo jambo jingine ambalo wenzetu wa London hawalijui. Kiswahili huvuka mipaka. Mkono hauvuki kwa wepesi huo. Lugha ya ishara ya Kenya, ile ya Uganda na lugha ya alama ya Tanzania ni lugha mbali mbali. Kundi la Nairobi likija Kampala na tamthilia ya Kiswahili, maneno yake yatafika, ila mkalimani wake atawaacha viziwi wa Uganda nusu ya njia. Sheria zimekwisha kutangulia: Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaitaka serikali ihimize ukuzaji wa lugha ya ishara kwa viziwi, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeiweka lugha ya ishara ya Kenya miongoni mwa lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu unautaja waziwazi mchezo wa kuigiza katika ibara yake ya 30. Jukwaa limebaki nyuma ya Bunge. Si kawaida ya jukwaa kubaki nyuma ya Bunge.

Katika tamasha moja la shule nililolihudhuria, wanafunzi viziwi walialikwa wakakalishwa mstari wa mbele kabisa, mahali pa heshima. Kila ukumbi ulipoangua kicheko waligeuka nyuma kuzitazama nyuso za waliocheka, wakitafuta sababu. Walipogeukia jukwaa tena, mchezo ulikuwa umekwisha kusonga. Hawakukosa ukarimu, walikosa projekta moja, ambayo ilikuwamo katika jengo lilo hilo imefungiwa kabatini.

Hapa ndipo ndugu walimu wenzangu wa Kiswahili tunapoguswa moja kwa moja. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kufundishwa kwa lazima katika shule. Wanafunzi wetu walio wengi wanakisikia Kiswahili lakini hakijawakaa sawasawa masikioni. Mbele ya tamthilia ya Kiswahili wao ni kama wale wa Toronto mbele ya Kijerumani. Maneno yakimulikwa ukutani, mwanafunzi kiziwi atasoma, na mwanafunzi mwenye kusikia atayaona maneno anayoyasikia nusunusu, atajua “hakumwona” inaandikwaje na wapi neno moja linaishia. Gharama yake ni kompyuta, projekta, shuka jeupe, na mwanafunzi mmoja makini aliyeshika matini. Miwani haiwezi kufanya hivyo, kwa sababu miwani humnong’oneza mtu mmoja.

Kwa kuanzia ningependekeza ngonjera, na si kwa ajili ya urahisi wake peke yake. Ngonjera za Ukuta za Mathias Mnyampala, zilizoenea katika shule za Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, zina mistari ambayo mapokeo yenyewe yamekwisha kuikata. Mshororo wa mizani 16 una vipande viwili vya mizani minane minane, na kila kipande kinatosha mstari mmoja wa ukutani. Mgogoro wa mahali pa kukata haupo. Tena vina, ambavyo sikio hulazimika kuvingoja, jicho huvipata vimepangika kwenye miisho ya mistari, kwa hiyo huenda kiziwi akaliona umbo la shairi upesi kuliko jirani yake.

Ugumu utakuja tutakapofika Mashetani, tamthilia nyingine ya Hussein, ya mwaka 1971. Mbele ya kila usemi wa ukutani huandikwa jina la msemaji, kwa kuwa asiyesikia hawezi kuzitofautisha sauti. Katika onyesho la kwanza wapo Shetani na Binadamu. Kumbe ni vijana wawili, Juma na Kitaru, wanaocheza. Tuandike jina lipi? Tukiandika Juma tangu mwanzo tumemfichulia mtazamaji kiziwi lile ambalo wenziwe watalivumbua wenyewe. Tukiandika Shetani mpaka mwisho wa onyesho, hatajua mchezo wa vijana umekoma wapi. Mimi ningeandika Shetani hadi pale mchezo wao unapovunjika, niuache ukuta mtupu kwa muda wa pumzi mbili, kisha niandike Juma. Wapo watakaopinga kwamba hata huo ukuta mtupu ni fumbo ambalo Hussein hakulitunga, nami ningependa kuisoma hoja yao katika toleo lijalo.